Kwanza Uliza Habari za Ng'ombe

Wadogo zangu wa ofisini, kabla sijakabidhi funguo mliniomba niwaandikie namna tulivyofanya kazi "enzi zile". Hilo neno nimewasamehe. Nimekaa nyumbani kwangu juu ya Kikatiti tangu uchumaji wa kahawa uanze, mikono inanuka maganda badala ya vumbi la kompyuta, na nimeona niandike sasa kabla migomba haijanimaliza. Vyeo sitavieleza. Kibao cha mlangoni kwangu kilibadilishwa mara kadhaa; kitasa kilibaki kilekile kibovu, na nyote mnakijua.

Kwa yule atakayesoma haya bila kutujua: ofisi yetu ilikuwa nyumba ya kupanga pale Elerai, yenye mparachichi uani, na kazi yetu ilikuwa kusoma picha za satelaiti. Hasa tulisoma ulinzi wa anga wa nchi zilizokuwa vitani: rada ziko wapi, makombora yako wapi, mizinga ya kutungulia ndege imefichwa wapi. Hatukuwa wanajeshi wala wapelelezi. Wasuluhishi waliokuwa wakizipatanisha pande mbili walitaka kujua kama silaha zilizoahidiwa kuondolewa zimeondoka kweli, na ndege za misaada zilitaka kujua zipite wapi. Jirani yetu mmoja aliamini hadi mwisho kwamba tunatengeneza kalenda.

Nilifika pale nikiwa mwalimu wa jiografia niliyechoka chaki. Aliyenipokea alikuwa Mzee Lembris, mkuu wa wasomaji, mpima ardhi aliyefundishwa kusoma picha zilizopigwa na ndege tangu ujana wake. Alikuwa Mwarusha wa upande wa magharibi wa Mlima Meru, mrefu, masikio yametobolewa, sweta la kijivu jua liwake au mvua inyeshe. Mimi ni Mmeru wa mgombani. Siku ya kwanza hakuniuliza vyeti. Aliweka picha mezani, akanisogezea lenzi, akasema, "Mwalimu, unaona nini?"

Nilikuwa nimejisomea kabla ya kuja, kwa hiyo nilifurahi kama mwanafunzi aliyekutana na swali alilolikariri. Palikuwa na mashimo yaliyozunguka kituo cha katikati, na njia zikiyaunganisha, umbo zima kama ua lililochanua. "Makombora, mzee! Na hapa katikati ni rada."

"Umeingia hata hodi hujapiga," akasema. "Na huku kushoto kuna nini?"

"Nyumba."

"Za nani?"

"Sijui, mzee."

"Ukienda ugenini, ukamkuta mwenye mji amekaa nje, unaanzaje?"

"Namwamkia."

"Halafu?"

"Namwuliza habari za watoto, za nyumbani, za mifugo, za mvua."

"Na shida iliyokupeleka?"

"Mwishoni."

"Basi na picha ni hivyohivyo. Salimia kwanza."

Nilidhani ni vituko vya uzee. Watu wa upande ule wa mlima wakisalimiana unaweza kupika maharage yakaiva kabla hawajamaliza, nami nikajiambia huyu mzee ameamua kuileta desturi ya kwao ofisini. Lakini ndiyo iliyokuwa amri ya nyumba, na haikuwa na msamaha. Kila picha ilisomwa kwa mpangilio wa salamu. Habari za watu: wanalala wapi, wanapitia wapi, wanachota maji wapi. Habari za mifugo. Habari za mvua: ardhi ililowa lini, majani yameota wapi, yamekataa wapi. Ukishamaliza hayo ndipo unaruhusiwa kuulizia silaha. Wageni waliokuja kututembelea walicheka, na baadhi yao walicheka kwa kutusikitikia.

Baada ya miezi michache nilielewa kwamba mzee hakuwa akitunza adabu tu. Silaha za kutungulia ndege zinahudumiwa na watu, na watu hula, hunywa, hufua, hukanyaga majani mpaka njia inatokea. Jeshi linaweza kupanga makombora ya mbao na turubai yakawadanganya walio juu, na majeshi mengi yamefanya hivyo. Ila askari hawamtumi mtu kuyachotea maji makombora ya mbao, wala hawayajengei choo. Mzee alikuwa na msemo wake, "Nionyeshe choo, nami nitakuonyesha kombora," na tuliurudia mbele ya wageni wenye suti kwa sura kavu kabisa.

Vifaa vyetu mngevicheka. Tulikuwa na lenzi ya macho mawili aliyotoka nayo mzee kwenye upimaji, rula ya chuma, jedwali la urefu wa vivuli kwa saa za mchana, na kompyuta iliyovuma kama mashine ya kusaga. Picha moja ikianza kushuka mtandaoni, mtu alikwenda sokoni, akarudi, akamenya viazi, nayo ikawa imeshuka nusu. Umeme ukikatika tuliianza upya. Kivuli ndicho kilichokuwa fundi wetu mkuu. Niliwahi kushangilia rada juu ya mnara, nikaandika ukurasa mzima wa kujisifu, hadi mzee aliponiambia nitazame kivuli chake tu na nisahau chenyewe. Kivuli kilionyesha miguu minne, ngazi, na bomba likishuka. Nilikuwa nimegundua tangi la maji la shule ya bweni.

Amri yetu nyingine ilikuwa kwamba kila picha inasomwa na watu wawili, vyumba tofauti, bila kuulizana. Mkishamaliza mnakutana jikoni. Kamwe hamkutani mezani kwa mkubwa, kwa sababu mezani kwa mkubwa mdogo hunywea. Jikoni kuna chai, au loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, ikiwa mama mpishi ana furaha, na mtu mwenye bakuli mkononi hubishana kwa adabu. Parachichi zilikuwa zikidondoka juu ya bati kwa kishindo, na kwa kuwa tulishinda tukiwaza mizinga, kila mara mmoja wetu aliruka.

Sasa nifike kwenye kazi ambayo bila hiyo nisingeandika hata haya. Wengi wenu mmeisikia kwa vipande, tena vipande vilivyotiwa chumvi.

Katika nchi ile, ambayo mazoea yangu hayaniruhusu kuitaja, kulikuwa na mji mmoja uliozingirwa. Barabara zilikuwa zimefungwa. Mjini palikuwa na hospitali iliyojaa watoto waliodhoofu kwa njaa, na njia pekee ya kuwafikishia dawa na unga wa lishe ilikuwa ndege ndogo, ikitua kwenye uwanja wa vumbi nje ya mji. Pande mbili zilikuwa zimekubaliana kuondoa silaha zote za kutungulia ndege katika bonde linaloelekea kwenye uwanja huo. Wasuluhishi wakatuuliza swali moja: bonde ni safi?

Rubani alikuwa Kapteni Tumaini. Kwetu yeye hakuwa jina tu kwenye karatasi. Alikuwa kijana wa Lemara, mama yake anaimba kwaya, na ndege yake ililala uwanja mdogo wa pale mjini. Alipokuwa akisubiri majibu yetu alikuja kukaa jikoni kwetu, akala maandazi aliyofungiwa na mama yake, akatugawia kwa shingo upande. "Dada Eli," aliniambia, "mimi sina ubishi. Mkisema pita, napita. Mkisema usipite, silali kwa kuwawaza wale watoto. Kwa hiyo semeni vizuri." Alicheka, lakini andazi alilirudisha kwenye mfuko bila kulimaliza.

Bonde lilikuwa la wafugaji. Kwenye picha lilionekana tupu, isipokuwa maduara yaliyotawanyika huku na huko: maboma. Nyinyi mliokua hapa hamhitaji kuelezwa. Ua wa miba, nyumba ndogo zikiuzunguka kwa ndani, katikati ng'ombe. Mtu wa Ulaya akiona duara kama lile kutoka juu anaona ngome. Kwetu ni nyumbani kwa mtu. Ofisi nzima iliyaona maboma yale kwa furaha, kwa sababu kwa mara ya kwanza tulikuwa na picha tunayoijua kuliko wataalamu wa mbali.

Mzee Lembris alikuwa msomaji wa kwanza. Alimaliza mapema. Aliandika kwamba maduara yote ni maboma ya wafugaji na bonde ni safi. Tumaini aliposikia uvumi huo mlangoni alianza kupiga simu za mafuta ya ndege.

Mimi nilikuwa msomaji wa pili. Nikafunga mlango, nikasalimia. Habari za watu: nyumba zipo. Habari za mifugo: hapo salamu ikakwama. Karibu kila boma lilikuwa na vijia vyembamba vinavyotoka langoni, vikipindapinda, vikiachana na kukutana tena mpaka mtoni, kwa sababu ng'ombe hatembei kwa rula. Boma moja, lililokaa karibu na kilima upande wa magharibi wa uwanja, halikuwa na kijia hata kimoja. Njia yake ilikuwa moja, ya magurudumu, ikiingia langoni na kuishia katikati.

Nikajitetea: labda ni boma jipya, ng'ombe hawajafika. Nikafungua picha za nyuma. Duara lilikuwepo kabla ya mvua zilizopita. Nikauliza habari za mvua. Baada ya mvua maboma mengine yote yalikuwa meusi katikati, lile tope la samadi ambalo hata viatu vya mpira hulikubali kwa shingo upande. Lile moja lilikuwa limeota majani mororo kama kiwanja cha kanisa. Natamani niseme nilifurahi kwa ugunduzi, lakini niliogopa, na niliyemwogopa alikuwa mzee.

Tukakutana jikoni. Tumaini alikuwa pale pale kwenye kigoda chake. Nikasema ninachokiona. Mzee aliweka kikombe chini.

"Mwalimu, mimi nimezaliwa ndani ya boma. Wewe umezaliwa chini ya mgomba."

"Ni kweli, mzee."

"Miba ile unaiona? Ile ni miba iliyokatwa na watu wanaojua. Lango liko mahali pake. Nyumba ziko mahali pake."

"Naziona, mzee. Ila nakuuliza kama ulivyonifundisha. Ng'ombe wako wapi?"

Parachichi likapiga bati na hakuna aliyeruka. Mzee alinitazama, na kwa muda nilifikiri atanituma nyumbani. Kisha akanyoosha mkono, akaomba lenzi yake. Aliiendea picha taratibu, akainama juu yake, akakaa hivyo mpaka chai yangu ikafanya utando. Tumaini alifungua mdomo aseme kitu. Mama mpishi akamkanyaga mguu.

"Hapa hakuna mwanamke aliyejenga," mzee akasema hatimaye.

Akatueleza, kidole juu ya karatasi. Kwa watu wafugao hivi, nyumba hujengwa na mama. Mke wa kwanza hujenga upande wa kulia wa lango, wa pili kushoto, na kila mmoja hujenga kwa mkono wake, kwa hiyo nyumba hazilingani. Moja ndefu, moja imekaa kama imechuchumaa, nyingine imeongezwa kwa sababu mtoto amezaliwa. Pembeni huwa kuna kizizi cha ndama. Katika duara lile nyumba zote zilikuwa na kimo kimoja na nafasi sawa kati yao, hakuna kizizi, na vivuli vyake vilikuwa na kitu chembamba kinachochungulia kwenye paa, kikielekea juu. Aliyepanga alikuwa askari, na chini ya yale mapaa ya majani kulikuwa na mizinga.

"Nimeliangalia muda wote," akasema, "na nilichokuwa nakiona ni kwa yeyo." Yeyo ndivyo kwao wanavyomwita mama. "Nimemwona yeyo amesimama langoni, nikafurahi, nikasaini." Alivua miwani akaifuta kwa sweta, na macho yake yalikuwa na maji. "Ahsante, mwalimu. Umemsalimia vizuri kuliko mimi."

Sijawahi kupewa cheo kinachofikia neno hilo. Na nawaambia wazi, wadogo zangu, si kwa sababu mkubwa alikosea. Kosa lile lingeweza kufanywa na yeyote kati yetu, na ni sisi tu ambao tungeweza kulifanya. Mgeni asingejua boma ni nini, angeyashuku yote. Askari wale walijua watakaotazama wanatoka wapi, au walibahatisha, wakatutegea kitu tunachokipenda. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tumaini akauliza, sauti ndogo, "Kwa hiyo wale watoto basi?"

Mzee alikwisha kuvaa miwani. "Nani kasema basi? Vuta kigoda."

Kazi iliyobaki ilikuwa ya jiografia, na hapo chaki yangu ilinifaa. Kilima kilichokaa kati ya lile duara na uwanja kilikuwa kinga ya askari dhidi ya macho, lakini kilima hakina upande. Kilikuwa kinga yetu pia. Tulipima kimo chake kwa kivuli, mara ya kwanza mimi, mara ya pili mzee, vyumba tofauti. Ndege ikija kutoka mashariki, chini, nyuma ya mgongo wa kile kilima na vilima vidogo vinavyokifuata, mizinga isingeweza kuiona mpaka imetua kwenye ncha ya pili ya uwanja. Tulimchorea. Tumaini aliitazama njia ile kama mtu anayetazama daraja la kamba. Akakunja karatasi, akaiweka mfuko wa shati.

Kabla taarifa haijatoka, mzee alikataa kuisaini. Nilishangaa, maana muda ulikuwa unakwenda. Alisema tukiandika "boma moja ni la uongo" na tukaishia hapo, kuna mtu mahali fulani mwenye ndege za kivita atasoma kwamba maboma yote ni ya uongo. Akarudi kwenye picha, na kando ya kila duara lililobaki akaandika kwa mkono wake maneno yaleyale: Hapa wanaishi watu. Moja baada ya jingine, bila kufupisha. Niliomba nimsaidie akakubali, nami nikaandika nusu ya bonde. Mkono uliniuma, na sikuwahi kuandika kitu kilichonituliza kama kile.

Asubuhi Tumaini aliporuka hatukufanya kazi. Tulijifanya tunafanya. Mama yake alikuja akakaa jikoni, akimenya viazi ambavyo hakuna aliyemwomba amenye, akiimba sauti ya pili peke yake. Simu ilipolia, mzee aliinyanyua, akasikiliza, akasema, "Marahaba, mwanangu," na hapo tukajua, kwa sababu maiti haiamkii mtu. Yule mama aliangusha kisu. Mimi nililia waziwazi na sikutafuta kisingizio cha kitunguu.

Tumaini aliporudi alituambia kwamba wauguzi wa hospitali walimcheka alipouliza kuhusu boma la kilimani. Wafugaji wote wa bonde wanalijua, walimwambia. Mbuzi akipotea upande ule anaachwa hukohuko. Alipeleka shehena nyingine, na nyingine, kwa njia ileile ya mashariki. Wasuluhishi waliiweka picha mezani mbele ya wakubwa wa pande zote mbili, na baada ya kukanusha kwa siku kadhaa, miba ilichomwa na mizinga ikaondolewa. Nililiona kwenye picha: doa la majivu. Maboma mengine yalibaki meusi katikati, vijia vyake vinashuka mtoni.

Mzee Lembris alifariki miaka kadhaa baadaye, kitandani kwake, kwa uzee. Mazishini watu walisalimiana mpaka jua likapinda, nami safari hii sikutazama saa. Aliniachia lenzi. Kompyuta zetu zimekuwa za kisasa, picha zinashuka kabla hujavuta kiti, na siku hizi mashine inazungushia yenyewe alama nyekundu kila kinachofanana na rada. Nimeishukuru mashine hiyo, imenipunguzia maumivu ya shingo. Nilichofanya ni kuwalazimisha nyinyi mfunike alama zake kwa karatasi mpaka mmalize salamu. Najua mlininung'unikia. Kuta za Elerai ni nyembamba.

Nimebahatika. Nilifundishwa na mtu aliyeweza kuniambia ahsante mbele ya watu. Nilifanya kazi ambayo ikienda vizuri hakuna kinachotokea. Ndege inatua, mtoto anakunywa uji, basi. Nashukuru kwa hayo yote, hata kwa kitasa.

Mlinifanyia sherehe, na Kapteni Tumaini, mwenye mvi sasa, akaja na maandazi. Mkanipa zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya maua. Sikuifungua mbele yenu kwa sababu najijua. Niliifungua huku nyumbani, barazani. Ni picha ya satelaiti kwenye fremu. Mwanzoni niliona migomba tu, kijani kibichi, na nikaanza kwa mazoea: habari za watu. Kuna kijia kutoka barabarani, kimekanyagwa na mtu mmoja zaidi ya wengine, anapita upande wa kushoto kukwepa jiwe. Habari za mifugo: banda, ng'ombe mmoja, samadi imesogezwa kwenye migomba. Habari za mvua: tangi la duara, kivuli kifupi, saa nne hivi. Kitambaa cha bluu kwenye kamba. Kitenge changu. Ndipo nikaona chini yake, kwa kalamu, mwandiko wenu wote mkipokezana herufi:

Hapa anaishi mtu.